Likizo ndefu: Kibarua, vitabu au mafunzo ya nyanjani, mwanafunzi wa chuo aanzie wapi?

MITIHANI ya mwisho wa muhula inapokamilika, mabewa ya vyuo vikuu vingi nchini huanza kuonyesha dalili za mahame. Magodoro hufungwa kwa kamba, masanduku hupakiwa kwenye mabasi, na vyumba vya kupanga vilivyotapakaa Juja, Njoro, Maseno na Kikuyu hubaki vikisubiri wapangaji warejee.

Kwa wanafunzi wengi wanaofuata kalenda ya Septemba hadi Aprili, kinachosalia ni takriban wiki 17 za likizo ndefu, kuanzia Mei hadi Agosti. Ni muda mrefu unapotazamwa kutoka mwanzoni, na mfupi ajabu unapotazamwa kutoka mwishoni.

Wiki hizo hugombaniwa na mambo matatu. Mzazi anatarajia mwanawe atafute kibarua ili apunguze mzigo wa karo ya Septemba. Idara ya chuo inataka barua ya kuthibitisha kwamba mwanafunzi amepata mahali pa kufanyia mafunzo ya nyanjani, yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita atachimenti. Naye mwanafunzi anajua moyoni kwamba kuna somo moja aliloanguka, ambalo lisiposhughulikiwa litamfuata hadi mwaka wa nne.

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mwanafunzi huyu ameshika matatu. Je, aanzie wapi?

Kosa la wengi si uvivu. Kosa ni kupanga likizo kwa kufuata sauti iliyo kubwa zaidi, iwe ya mzazi, ya marafiki au ya mfuko mtupu, badala ya kuuliza swali moja la msingi: kati ya mambo haya, ni lipi ambalo mlango wake ukifungwa hautafunguliwa tena hadi mwaka ujao?

Swali hilo hupanga mambo kwa utaratibu ambao aghalabu huwashangaza wanafunzi. Kibarua cha mjengo kitakuwapo Mei, kitakuwapo Agosti, na kitakuwapo Desemba. Mtihani wa marudio una tarehe yake moja. Mafunzo ya nyanjani yaliyowekwa katika mtaala nayo yana msimu wake, na anayeukosa huenda akawatazama wenzake wakivaa majoho ya kuhitimu ilhali yeye angali anasaka barua ya kukubaliwa.

Mafunzo ya lazima na yale ya hiari

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Mafunzo ya nyanjani hufanywa na mtu ambaye bado ni mwanafunzi, na katika kozi nyingi ni sehemu ya shahada au stashahada yenyewe. Hutathminiwa na kutuzwa alama kama somo jingine lolote. Uanagenzi, kwa upande mwingine, aghalabu hutolewa kwa aliyekwisha kuhitimu. Mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa mfano, unawalenga waliomaliza shahada na huchukua miezi 12.

Hivyo basi, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetumia likizo nzima akituma maombi ya uanagenzi wa wahitimu anabisha mlango usio wake.

Muda wa mafunzo ya nyanjani hutofautiana kati ya chuo na chuo na kozi na kozi, lakini kipindi cha wiki 8 hadi 12 ndicho cha kawaida. Wanafunzi wa uhandisi huenda wakahitajika kuyafanya zaidi ya mara moja kabla ya kuhitimu. Wale wa ualimu hufungwa na kalenda ya shule: mazoezi yao ya kufundisha hufanywa zaidi katika muhula wa pili, ambao huanza karibu na mwanzo wa Mei. Mwanafunzi wa ualimu akichelewa wiki tatu, shule haitamsubiri.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya kupanga likizo haifai kuchukuliwa Mei. Inafaa kuchukuliwa Januari au Februari, wakati ambapo wengi bado wanadhani likizo iko mbali. Afisi nyingi hupokea idadi maalumu ya wanafunzi, na zikishajaza nafasi hizo barua nyingine huishia kwenye faili.

Stakabadhi zinazohitajika hazibadiliki sana: barua rasmi ya chuo, wasifukazi wa ukurasa mmoja au miwili, nakala ya kitambulisho, bima ya ajali za kibinafsi, na pengine cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Mbili za mwisho huchukua muda na fedha. Anayeziandaa mapema huwatangulia wenzake wenye alama bora kuliko zake ambao hawana karatasi hizo mkononi.

Aidha, si lazima kila mwanafunzi azunguke mwenyewe kutoka lango moja hadi jingine. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), iliyoundwa kufuatia marekebisho ya sheria ya mafunzo ya viwandani mwaka 2011, ina jukumu la kuwasaidia wanafunzi kupata nafasi katika viwanda na kampuni. Waajiri hutozwa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi ili kufadhili mafunzo ya viwandani. Serikali za kaunti, Mahakama na wizara nazo hupokea wanafunzi, ijapokuwa nyingi husema waziwazi kwamba hakuna malipo.

Hesabu ambayo haisemwi

Hapo ndipo penye uchungu. Mafunzo yasiyo na malipo si ya bure. Kuna anayeyalipia, na mara nyingi ni mzazi aliye mashambani ambaye hakuwahi kuelezwa gharama yake.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ni nje kidogo ya mji wa Kakamega, na ambaye amepata nafasi mbili: moja katika kampuni yenye jina kubwa jijini Nairobi, nyingine katika afisi ya kaunti iliyo karibu na kwao. Zote ni za wiki 12, siku tano kwa wiki, yaani siku 60. Zote hazilipi.

Jijini, tuseme nauli ni Sh200 kwa siku, chakula cha mchana Sh150, na chumba Sh5,000 kwa mwezi. Nauli itafika Sh12,000, chakula Sh9,000 na chumba Sh15,000 kwa miezi mitatu. Jumla ni Sh36,000, kabla ya kununua shati la kuvaa afisini, wala mlo wa jioni. Nyumbani, tuseme nauli ni Sh100 kwa siku na chakula cha mchana anakibeba kutoka jikoni kwa mama. Jumla ni Sh6,000.

Tofauti ni Sh30,000. Swali ambalo mwanafunzi huyo anapaswa kujiuliza ni iwapo jina la kampuni hiyo lina thamani ya Sh30,000 za mtu mwingine. Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme anayehitaji mitambo ambayo haipatikani kwao ana sababu ya kusafiri. Lakini anayesomea uhasibu, takwimu, usimamizi wa afisi au sayansi ya mazingira anaweza kupata kazi ya kweli katika afisi ndogo, na mara nyingi kazi nyingi zaidi kuliko jijini, ambako kampuni kubwa humweka mwanafunzi kando ya mashine ya kutoa nakala kwa miezi mitatu.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) haufai kuwa jibu la gharama hizo. Fedha hizo hutolewa kwa ajili ya mihula ya masomo, na deni lake hutozwa riba ya asilimia 4 kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Anayezila Mei atazitafuta Septemba.

Kibarua kiingie wapi?

Turejee kwa mwanafunzi wetu. Likizo yake ina wiki 17. Mafunzo yamechukua 12. Zimesalia tano, na hizo ndizo ambazo wengi huziacha zipotee kwa kulala na kutazama simu.

Akifanya kibarua kwa wiki nne kabla ya mafunzo kuanza, siku sita kwa wiki, kwa ujira wa tuseme Sh600 kwa siku, atapata Sh14,400. Akitoa Sh6,000 za nauli ya kwenda afisini, atabakiwa na Sh8,400 na wiki moja ya kupumzika. Angekuwa amechagua Nairobi, kibarua hicho hicho kingemwacha na upungufu wa Sh21,600.

Hesabu hii si kanuni kwa kila mtu, kwani nauli na ujira hutofautiana. Kinachofaa kuigwa ni utaratibu: kwanza mwanafunzi anaweka jambo lenye tarehe isiyosogea, kisha anahesabu gharama yake, na hatimaye anatafuta wiki ambazo kibarua kitailipa gharama hiyo. Wengi hufanya kinyume. Huanza na kibarua kwa sababu fedha zake zinaonekana, halafu hushangaa Juni inapofika na nafasi zote za mafunzo zimekwisha.

Ni kibarua gani basi? Hapa inafaa kusemwa bayana kwamba hakuna kazi halali inayomshushia hadhi msomi. Wapo wanafunzi ambao wamejilipia karo kwa kuchuma majani chai Kericho, kuuza mitumba, kuwa mawakala wa M-Pesa, kuwafundisha watoto wa majirani, na kuhudumu katika hoteli za Pwani na Narok wakati wa msimu wa watalii unaoshika kasi kuanzia Julai. Mwajiri wa baadaye anaposoma kwamba mtu alisimamia duka la shangazi yake kwa miezi mitatu bila fedha kupotea, anasoma habari ya uaminifu.

Ipo kazi moja, hata hivyo, inayohitaji tahadhari. Kwa miaka mingi, wanafunzi na wahitimu wa Kenya wamekuwa wakilipwa kupitia intaneti ili kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu zao. Malipo yake huvutia. Lakini ni udanganyifu wa kitaaluma, na sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2022 iliharamisha biashara ya kutoa huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Isitoshe, ni kazi ambayo aliyeifanya hawezi kuitaja kwenye wasifukazi wake. Nguvu hizo hizo zikielekezwa kwenye tafsiri, unakili wa sauti kuwa maandishi, uhariri au uundaji wa tovuti, humwachia mtu fedha na sifa kwa pamoja.

Jambo jingine ni kupatana mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Kwa kibarua kifupi, hata ujumbe wa simu unaotaja ujira, siku za kazi na tarehe ya malipo ni bora kuliko ahadi ya mdomo. Mwanafunzi anayefanya kazi wiki nne akiambiwa kila Jumamosi kwamba "tutaonana wiki ijayo" amepoteza mara mbili: fedha na likizo.

Vitabu visiachwe kwenye begi

Masomo ndiyo huwekwa mwisho na wanafunzi wengi wakati wa likizo, kwa hoja kwamba muhula wa masomo unakuja. Hoja hiyo ni nusu ya kweli.

Kwa aliyefaulu katika masomo yote, vitabu vinaweza kusubiri. Lakini kwa mwenye mtihani wa marudio, hilo ndilo jambo la kwanza kabla ya kibarua na hata kabla ya mafunzo ya nyanjani, iwapo tarehe zinagongana. Somo moja lililoachwa huweza kuzuia masomo mengine yanayolitegemea, na mwaka mmoja wa ziada chuoni una karo, kodi ya nyumba na mlo wake. Hakuna kibarua cha likizo kinachoweza kufidia gharama hiyo. Mwanafunzi wa aina hii anastahili kupata tarehe ya mtihani huo kutoka afisi ya idara kabla ya kufunga begi lake kwenda nyumbani, na kumweleza msimamizi wake wa mafunzo mapema kwamba atahitaji ruhusa ya siku moja au mbili.

Kundi jingine ni la wanaojiandaa kwa mitihani ya kitaaluma. Anayesomea biashara na kulenga uhasibu anajua kwamba bodi ya KASNEB huwa na mitihani mwezi Agosti. Kufanya sehemu moja ya mitihani hiyo akiwa bado chuoni humpunguzia safari baada ya kuhitimu. Hata hivyo, ada yake si haba, na asiye na saa mbili za kusoma kila jioni afadhali aisubiri awamu nyingine kuliko kulipia mtihani atakaouanguka.

Saa mbili za jioni ndizo kipimo cha kweli. Mwanafunzi anayetoka afisini saa kumi na moja na kufika nyumbani saa moja usiku hana saa sita za kusoma, hata akijiapiza. Anazo mbili, pengine na Jumamosi asubuhi katika tawi la maktaba ya kitaifa lililo karibu naye. Mpango unaodai zaidi ya hapo huvunjika wiki ya pili, na anayeuvunja huacha kusoma kabisa.

Kila mwaka na kipaumbele chake

Kwa jumla, utaratibu hubadilika kadiri mwanafunzi anavyopanda ngazi.

Mwaka wa kwanza, kozi nyingi hazidai mafunzo ya nyanjani. Huu ndio wakati bora wa kufanya kibarua kwa likizo nzima na kuweka akiba, pamoja na kusahihisha udhaifu uliojitokeza katika matokeo ya kwanza. Anayeweka akiba mwaka huu ndiye atakayemudu mafunzo yasiyolipa mwaka wa tatu. Kwa maneno mengine, kibarua cha mwaka wa kwanza ni nauli ya afisini ya mwaka wa tatu.

Mwaka wa pili, mwanafunzi achanganye. Wiki nne au sita za kujitolea katika afisi, maabara au shirika la taaluma yake humwonyesha kama kazi hiyo anaipenda kweli, mapema kiasi cha kuweza kubadilisha mkondo. Muda uliobaki ni wa kibarua.

Mwaka wa tatu, mafunzo ya lazima hutangulia kila kitu isipokuwa mtihani wa marudio. Mwaka wa mwisho, likizo ikiwapo, ni ya utafiti wa tasnifu na kuwatafuta wadhamini, yaani watu watakaokubali majina yao yaandikwe kwenye barua za maombi ya kazi.

Kalenda zenyewe nazo si za kuaminiwa kupita kiasi. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, baadhi ya vyuo vimekuwa na mihula isiyolingana na mingine. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, ulioanza Septemba 2025 na kumalizika Novemba, uliwakumbusha wanafunzi kwamba tarehe za chuo huweza kusogea bila hiari yao. Mwenye mpango ulioandikwa husogeza tu wiki zake. Asiye na mpango huanza upya.

Asikubali kudhulumiwa

Uhitaji wa nafasi huwafanya wanafunzi wanyamaze wanapodhulumiwa, na hilo ni suala ambalo wazazi na vyuo hawalizungumzii vya kutosha.

Matapeli huvizia msimu huu. Hutangaza nafasi za mafunzo katika mashirika makubwa na kudai "ada ya usajili" kupitia simu. Anayeombwa fedha ili apewe nafasi ya kufanya kazi bila malipo anastahili kujua papo hapo kwamba hiyo si nafasi. Ni busara kupiga simu katika afisi husika, kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake rasmi, kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Kuna pia dhuluma ya ndani. Sheria ya Ajira inakataza dhuluma za kimapenzi kazini, na humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzikabili. Sheria hiyo, pamoja na ile ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka 2007, huwataja wanagenzi katika maana ya neno mfanyakazi. Nafasi ya mwanafunzi aliyetumwa na chuo yaweza kuwa na utata wake kisheria, na ndiyo sababu bima ya ajali na barua ya chuo si karatasi za kujazia faili tu. Mwanafunzi anayesumbuliwa na msimamizi wake afisini anafaa kumwarifu msimamizi wa chuo mara moja, kwa maandishi. Alama za wiki 12 zinaweza kutafutwa tena kwingine.

Jambo la mwisho ni dogo, na ndilo husahaulika zaidi. Daftari la kumbukumbu za mafunzo lijazwe kila jioni, si siku moja kabla ya mhadhiri kuja kukagua. Lieleze kilichofanywa, kilichoharibika, na jinsi kilivyorekebishwa. Miaka miwili baadaye, katika chumba cha mahojiano ya kazi, mwanafunzi ataulizwa alijifunza nini. Wakati huo barua ya kukubaliwa itakuwa imefifia na kampuni huenda imebadilisha jina, lakini aliyeandika kila jioni atakuwa na la kusema.

Kabla ya hapo kuna mazungumzo mengine ya kufanywa, nayo ni ya nyumbani. Mwanafunzi aketi na wazazi au walezi wake, awaonyeshe wiki zake 17 kwenye karatasi: zipi ni za chuo, zipi ni za kibarua, zipi ni za kusaidia shambani, na ni kiasi gani cha fedha kitahitajika na kutoka wapi. Mzazi aliyeona hesabu hiyo hatamwita mwanawe mvivu kwa kwenda afisini bila mshahara. Naye mwana aliyeona uso wa mzazi akiisoma hataichezea hata wiki moja.